Msiache Kuhesabu CD4

Kwa miaka mingi, kwenye mabenchi ya kliniki za tiba na matunzo, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliulizana swali moja kabla hata salamu hazijakolea: CD4 zako ngapi? Aliyejibu mia sita alipewa hongera. Aliyejibu themanini alishikwa bega. Namba hiyo iliandikwa kwenye kadi, ikabebwa nyumbani, ikaombewa kanisani na kwenye dua za usiku. Ndiyo iliyoamua nani aanze dawa leo na nani aambiwe arudi baada ya miezi sita. Siku hizi imepotea kwenye kadi nyingi, na wapo vijana walioanza dawa juzi ambao hawajawahi kutajiwa. Mimi nimekuja kuitetea. Na ili niitetee sawasawa, inabidi kwanza nieleze inavyopatikana, kwa sababu nyuma yake kuna kitu kidogo ambacho mgonjwa hakioni wala hatajiwi: kingamwili iliyotoka kwa panya.

Tuanze na seli yenyewe. Damu yetu ina chembe nyeupe za aina nyingi, na miongoni mwake zimo seli T saidizi, ambazo kazi yake ni kuziamsha seli nyingine za kinga ugonjwa unapoingia. Kwenye utando wa nje wa seli hizo imechomekwa protini ndefu na nyembamba, yenye vipande vinne vilivyotokeza nje. Hiyo ndiyo CD4. Ni kipokezi. Seli huitumia kujishikiza kwa seli nyingine inayoionyesha kipande cha adui, ili isiachie kabla haijamtambua. Kirusi cha Ukimwi nacho hushika kipokezi hicho hicho, tena kwenye kile kipande cha juu kabisa, na hapo ndipo kinapopata njia ya kuingia.

Sasa, ukiziweka chembe nyeupe chini ya hadubini, utazijua nyingi kwa sura. Lakini seli T saidizi na seli T zinazoua seli zilizoambukizwa huwezi kuzitenganisha. Zote ni duara, zote zina kiini kikubwa kinachogeuka zambarau ukizitia rangi. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, maabara zilikuwa zikichanganya damu ya mtu na chembe nyekundu za kondoo, kwa sababu seli T za binadamu huzinasa chembe za kondoo zikazizunguka. Njia hiyo ilisema seli T ni ngapi kwa jumla. Ipi ni saidizi na ipi ni ya kuua, haikusema.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Cambridge, Uingereza. Mwaka 1975, Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Bahía Blanca nchini Ajentina, walichapisha njia ya kupata kingamwili za aina moja tu, kwa wingi na kwa muda wowote utakao. Njia yenyewe ni hii. Unamdunga panya kitu unachotaka akitambue. Mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya kitu hicho, kama mwili wako unavyofanya baada ya chanjo. Kisha unachukua bandama yake, ambamo seli zinazotengeneza kingamwili zimejaa. Seli hizo zina kasoro moja: ukizitoa mwilini hufa baada ya siku chache. Kwa hiyo unaziunganisha na seli za saratani ya uboho, ambazo hazichoki kugawanyika. Seli chotara inayozaliwa hurithi kwa mmoja ufundi wa kutengeneza kingamwili, na kwa mwingine uhai usiokoma. Unazitenga moja moja, unazichunguza, unachagua ile inayotengeneza kingamwili uliyokuwa ukiitafuta. Seli hiyo moja na vizazi vyake vitatoa kingamwili ile ile, leo, mwakani na miaka hamsini ijayo.

Ugunduzi huo haukuwekewa hataza. Taasisi ya serikali iliyopaswa kushughulikia jambo hilo Uingereza haikuona matumizi yake ya haraka, na kwa hiyo njia ikawa wazi kwa kila maabara duniani. Milstein, Köhler na Niels Jerne walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Nalitaja hili la hataza kwa sababu linanigusa: kama mlango ule ungefungwa kwa kufuli la malipo, sidhani kama miaka iliyofuata ingekwenda kasi namna ile.

Na ilikwenda kasi. Mwaka 1979, Patrick Kung na Gideon Goldstein wa kampuni ya Ortho huko Marekani, pamoja na Ellis Reinherz na Stuart Schlossman wa Boston, walitangaza kingamwili zinazotambua seli T za binadamu kwa makundi yake. Walizipa herufi OKT, yaani Ortho, Kung na T. Iliyoshika seli T saidizi iliitwa OKT4. Maabara nyingine nazo zilikuwa na zao zenye majina yao, mpaka mwaka 1982 wataalamu walipokutana Paris, wakalinganisha kingamwili zote na kuzipa makundi namba. Kundi lililoshika kipokezi hiki lilipata namba nne, na hapo ndipo lilipotoka jina CD4.

Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutazama damu akasema: saidizi ni hizi, na ni kadhaa. Ni kama wino unaopakwa kidoleni siku ya kupiga kura. Katika umati huwezi kujua nani amepiga na nani bado, lakini ukitazama vidole unahesabu bila kubahatisha. Kingamwili hufungwa na rangi inayong'aa ikimulikwa, hushika kipokezi chake tu, na seli iliyokuwa imejificha katikati ya wenzake inaonekana.

Angalieni sasa mpangilio wa miaka. Chombo kilitangazwa 1979. Mwanzoni mwa 1981, Los Angeles, daktari kijana aitwaye Michael Gottlieb alikuwa akihudumia mwanaume aliyekuwa na utando mweupe wa fangasi mdomoni na kooni, na nimonia ya aina isiyowapata watu wenye afya. Damu yake ilipopimwa kwa kingamwili hizo mpya, seli T saidizi zilikuwa karibu zimekwisha. Wagonjwa wengine wa namna hiyo wakafuata, na tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya wagonjwa watano ikachapishwa na serikali ya Marekani. Huo ndio mwanzo wa Ukimwi katika maandishi ya kitabibu. Lau ugonjwa ungeonekana miaka michache kabla, madaktari wangeona watu wanakonda na kufa, wangeona fangasi na nimonia, lakini wasingejua ni seli ipi inayopotea.

Huku kwetu, watu walikuwa tayari wanakonda. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, Waganda waliuita ugonjwa huo kwa jina la kukonda. Bukoba watu waliuita Juliana. Hospitali za huko hazikuwa na kingamwili hata tone. Madaktari na wauguzi walitambua kwa macho na kwa mikono, wakazika kwa mamia, wengine wakazikwa wao.

Jambo la pili kubwa lilikuja Desemba 1984. Vikundi viwili, kimoja London na kingine Paris, vilitangaza katika toleo moja la jarida la Nature kwamba CD4 ni sehemu ya lazima ya mlango kinaoingilia kirusi. Waliogundua hilo kule London walitumia zile zile kingamwili za panya. Seli zilizoambukizwa zikichanganywa na seli nzima zenye CD4, huungana na kuwa madonge makubwa. Watafiti walichukua kingamwili 155 za aina mbalimbali, kila moja ikiwa inashika protini fulani ya juu ya seli, wakazijaribu moja baada ya nyingine ili kuona ipi itazuia seli zisiungane. Kumi na nne kati ya hizo zilikuwa za kushika CD4, na zote kumi na nne zilizuia. Ukishakiziba kipokezi kwa kingamwili, kirusi hakina pa kushika. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado naona fahari ya kazi safi: swali moja, majaribio 155, jibu halina shaka.

Hapa naomba nitenganishe vitu viwili ambavyo wasikilizaji wengi huvichanganya, na si kosa lao, maana jina ni moja. Ukienda kupima kama una virusi vya Ukimwi, kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinatafuta kingamwili ulizotengeneza wewe mwenyewe dhidi ya kirusi. Zikiwepo, umeambukizwa. Kwenye kipimo cha CD4 mambo yamegeuka. Kingamwili haitafutwi kwako. Inatoka nje, imetengenezwa maabara, na inatumika kukitafuta kipokezi kilicho juu ya seli zako. Kipimo cha kwanza kinajibu kama kirusi kipo. Cha pili kinajibu kimekula kiasi gani.

Twende maabara. Kwa miaka mingi, mashine iliyosambaa sana katika hospitali zetu za mikoa na wilaya ilikuwa ile iitwayo FACSCount. Muuguzi anachukua damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande. Kichupa kinafika maabara kikiwa na namba, si jina. Mtaalamu anakigeuzageuza polepole mara kadhaa, kwa sababu damu iliyotulia hujitenga, na ukichota juu utapata majimaji, ukichota chini utapata chembe nyekundu, na hesabu yote itakuwa ya uongo. Kisha anafungua kijaluba cha kingamwili kilichotoka kwenye friji. Kingamwili hizo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zikiganda zimeharibika, zikipata joto zimeharibika, zikiachwa kwenye mwanga rangi yake inafifia. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, kulikuwa na mtu aliyeitazama friji hiyo kwa roho juu.

Anachota maikrolita 50 za damu, yaani sehemu moja ya ishirini ya mililita moja, tone dogo tu, na anazitia ndani ya kijaluba. Ndani ya kijaluba kuna kingamwili za aina mbili zenye rangi mbili. Moja inashika CD4, nyingine inashika CD3, alama iliyo juu ya seli T zote. Kwa nini mbili? Kwa sababu CD4 haiko kwenye seli T peke yake. Chembe nyeupe kubwa ziitwazo monositi nazo zinayo, ingawa kwa kiasi kidogo. Ukihesabu kila chenye CD4 utazidisha. Seli inayohesabiwa ni ile inayong'aa kwa rangi zote mbili. Humo humo ndani zimewekwa punje ndogo za plastiki ambazo kiwanda kilizihesabu kabla, idadi yake imeandikwa kwenye pakiti. Mashine inahesabu punje na inahesabu seli, inalinganisha, na kwa ulinganisho huo inajua seli ni ngapi katika kila maikrolita moja ya damu.

Kijaluba kinakaa gizani saa nzima. Baadaye kinaongezewa dawa ya kuziua na kuzikaza seli, kinaingizwa mashineni, na seli zinapita mbele ya mwale wa leza. Karatasi inatoka. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500. Si namba ya kukariri kama umri, maana asubuhi na jioni hazilingani, ujauzito huishusha, kifua kikuu huishusha hata kwa asiye na virusi vya Ukimwi. Wagonjwa waliokuwa wakilia kwa sababu wametoka 420 wakashuka 390 walilia bure, na laiti wangeelezwa. Lakini aliyetoka 420 akashuka 90, huyo hana cha kubahatisha. Kinga yake imeungua.

Kuna kisa kimoja cha kingamwili hizi ambacho nadhani kingepaswa kufundishwa katika kila chuo cha maabara Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Marekani, walijitokeza watu wazima wenye afya kamili ambao walipopimwa kwa OKT4 walionekana hawana seli T saidizi hata moja. Sifuri. Kwa hesabu hiyo walipaswa kuwa taabani kitandani, nao walikuwa wanafanya kazi zao. Walipopimwa kwa kingamwili nyingine ya CD4, seli zilikuwepo, idadi ya kawaida. Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Kingamwili haishiki protini nzima. Inashika kieneo kidogo tu juu yake. Kwa watu hao, herufi moja ya jeni ya CD4 ilikuwa tofauti, na kwa herufi hiyo moja kieneo ambacho OKT4 hukishika kilikuwa kimebadilika umbo. Kipokezi kilikuwepo, kikifanya kazi yake, ila OKT4 haikukiona. Waliorithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja walionekana na mng'ao nusu. Waliorithi kwa wazazi wote wawili hawakuonekana kabisa.

Na hao walikuwa akina nani? Wengi walikuwa Wamarekani weusi, na baadaye badiliko kama hilo likaonekana Japani pia. Baadaye sana, mwaka 2009, watafiti waliofanya kazi Nairobi na wanawake wanaofanya biashara ya ngono walieleza kwamba badiliko hilo la jeni ni la kawaida miongoni mwao, na kwamba wenye nalo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Yaani jambo lililoanza kama usumbufu wa maabara Marekani lilikuwa limebeba habari za mwili wa Mwafrika wa Mashariki.

Hebu fikirini kama OKT4 ndiyo ingekuwa imejaa kwenye mashine zetu. Mtu angeambiwa CD4 zake ni sifuri kwa sababu tu kipimo kilijaribiwa kwa watu wasiofanana naye. Mashine kama FACSCount zilitumia kingamwili nyingine, inayoshika kipande cha juu kisichoguswa na badiliko hilo, kwa hiyo hatukuangukia shimo hilo. Lakini swali limebaki na mimi nalishikilia: kila kingamwili inayoingia maabara zetu, ilijaribiwa kwenye damu ya nani? Mnunuzi wa vifaa vya hospitali ana haki ya kuliuliza, na muuzaji ana wajibu wa kulijibu kwa karatasi.

Turudi kwenye namba. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, hazikutosha watu wote, na CD4 ikafanywa kipimo cha foleni. Shirika la Afya Duniani lilianza na wenye chini ya 200. Mwaka 2010 likapandisha hadi 350, mwaka 2013 hadi 500. Kila kikomo kilipopanda, waliokuwa wameambiwa wasubiri waliitwa waanze. Wengine walikuwa hawapo tena. Mtu aliyepata 210 wakati kikomo ni 200 alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa kidogo, na wengi wa namna hiyo walirudi wakiwa wamebebwa. Mwaka 2015 utafiti mkubwa uitwao START, uliokuwa na watu 4,685 katika nchi 35, ulionyesha wazi kwamba kuanza dawa mapema, hata CD4 zikiwa juu ya 500, kunapunguza magonjwa makubwa na vifo kwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema: ukipimwa ukakutwa na virusi, anza dawa. Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 2016.

Ulikuwa uamuzi wa haki, na nilifurahi kama wengine. Lakini pamoja nao likaja jambo ambalo halikuwa lazima. Kwa kuwa CD4 haikuhitajika tena kuamua nani aanze dawa, watu walidhani haihitajiki kwa lolote. Fedha zilihamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi, ambacho ni kizuri na ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Vijaluba vya kingamwili vikapungua kwenye friji. Mashine zikaharibika zisitengenezwe.

Wingi wa virusi hauniambii mgonjwa aliyekaa mbele yangu leo yuko karibu kiasi gani na kifo. CD4 inaniambia. Aliye chini ya 200 anaweza kushambuliwa na magonjwa nyemelezi yasiyompata mwingine kwa urahisi: kifua kikuu kilichosambaa mwili mzima, nimonia ile ya Los Angeles, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Fangasi huyo peke yake alikadiriwa kuua watu 112,000 wenye virusi vya Ukimwi kwa mwaka duniani, sehemu kubwa wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Anaweza kukaa kwenye damu wiki kadhaa kabla hajafika kwenye ubongo, na katika wiki hizo hugundulika kwa kipimo cha dakika kumi na kutibika kwa vidonge. Ila huwezi kumtafuta kwa kila mtu. Unamtafuta kwa mwenye CD4 chache. Bila hesabu, humjui ni nani.

Wapo wanaosema daktari mzuri atamwona mgonjwa mahututi kwa macho. Nawajibu kwa utafiti wa REALITY, uliofanywa Uganda, Kenya, Malawi na Zimbabwe na kuchapishwa 2017. Ulichukua watu 1,805 waliokuwa wanaanza dawa, wote wakiwa na CD4 chini ya 100. Asilimia 47 yao hawakuwa na dalili yoyote, au walikuwa na dalili ndogo ndogo tu. Karibu nusu! Watu hao waliingia kliniki kwa miguu yao, wakasalimia, wakakaa. Jicho la daktari lingewapitisha. Kingamwili ya panya ndiyo iliyowaona.

Na tusiende mbali. Dar es Salaam, pamoja na Lusaka, ndiko ulikofanyika utafiti wa REMSTART ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ukachapishwa 2015. Walichukua watu 1,999 waliochelewa, wenye CD4 chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa fangasi yule, na katika wiki za mwanzo wahudumu wa jamii wakawatembelea nyumbani wakiwapelekea dawa na kuwatazama hali. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kawaida walikufa 18 kati ya kila 100. Katika kundi la pili, 13. Watu watano kati ya kila mia, waliobaki hai kwa sababu mtu alihesabu, akajua, akagonga mlango. Huo ni ushahidi wetu wenyewe, umetoka kwenye zahanati na vituo vya jiji letu. Inaniuma kuona tunauacha.

Shirika la Afya Duniani halikuuacha. Mwaka 2017 lilitoa mwongozo wa watu wenye ugonjwa uliokomaa na kuweka mstari pale pale, 200. Na vifaa vimekuwa rahisi kuliko enzi za saa nzima gizani. Ipo mashine ndogo, Pima, inayotumia damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika kama ishirini, huku kingamwili zake zikiwa zimekaushwa ndani ya kikasha zisihitaji friji. Kilibuniwa pia kijiti kinachofanana na kipimo cha ujauzito, kisichotaka umeme kabisa, kinachoonyesha kwa mstari kama uko juu ya 200 au chini, kwa dakika arobaini. Hakisemi ni 37 au 180. Kwa zahanati iliyo kilomita themanini kutoka hospitali ya wilaya, kinasema kinachotosha.

Anayehitaji hesabu hii ni anayeanza dawa leo, hata akionekana mzima. Ni aliyeacha dawa akarudi, na hao wataongezeka, maana tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025 huduma nyingi zimeyumba. Ni yule ambaye virusi vyake vimepanda ilhali anameza dawa, na ni mgonjwa aliyelazwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeletwa kuanza dawa hasubiri namba yoyote: huyo anahesabiwa moja kwa moja kuwa ugonjwa wake umekomaa, atafutiwe kifua kikuu na magonjwa mengine siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa kwenye kamati za usimamizi wa vituo vya afya, na ninyi wajumbe wa vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi (WAVIU) mnaoitwa kwenye vikao vya halmashauri, naomba kikao kijacho muulize mambo matatu na mdai yaandikwe kwenye muhtasari. Katika kituo chetu, anayeanza dawa anapimwa CD4 au hapimwi? Kama damu inapelekwa mbali, majibu yanarudi baada ya siku ngapi? Na akikutwa chini ya 200, nani anampigia simu, na kipimo cha kriptokokasi kipo kabatini au kimekwisha?